Nafir: Mkono Unaotoa Nao Hupona

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Msudani aliyeko London au Riyadh hauoni hivyo. Tangu vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, mzigo ni wake, ila mikono haiufikii. Akiamka hushika simu kabla ya kunawa uso: nani hajajibu tangu jana? Kazini mwili upo, roho iko nyumbani Omdurman.

Kutazama tu ndiko kunakomtafuna mtu. Dawa yake wengi wameipata katika desturi ya kwao, nafir: mwito wa kushika kazi kwa pamoja, iwe mavuno au mafuriko ya Nile, kama msaragambo wetu. Vita vilipoanza, vijana wa mitaani waliitikia mwito huo kwa kuunda Vyumba vya Dharura. Wakawasha takaya, majiko ya jumuiya yanayopika maharage na dengu kwa yeyote mwenye njaa. Ndugu walio nje huyachangia, wengi wakituma kwa Bankak, programu ya Benki ya Khartoum. Februari 2024 mtandao ulipokatika sehemu kubwa ya nchi, pesa hazikupita, na majiko mengi yakazima.

Hayo ni ya kule. Huku ughaibuni, kikundi kinachokusanya michango ndicho kinachokaa matanga habari mbaya ikifika. Aliyewasili juzi hukuta hapo watu wanaoujua mtaa wake. Daktari anayesubiri vyeti vyake vitambuliwe hurudi kuwa daktari pale anapomwelekeza muuguzi wa Darfur kwa simu. Mtu aliyezoea kuitwa mkimbizi huitwa mweka hazina, na watu wanamngoja.

Lakini huruma nayo huchosha. Wapo wasiolala, na wapo ambao chakula hakishuki kooni kwa kuwafikiria wenye njaa. Ndiyo maana kazi hii inataka zamu, kama ulinzi wa usiku. Anayezima simu akalala hajamsaliti mtu. Kesho atahitajika tena.

Asubuhi nyingine simu inalia. Ni picha kutoka Omdurman: sufuria linafuka moshi, watoto wamepanga foleni na bakuli mkononi. Aliyetuma mchango anaitazama kwa muda mrefu. Kisha ananawa uso, anajimiminia chai, na leo anaimaliza.