Damu Nayo Yataka Barafu

Wachuuzi wa samaki wa Kilwa Kivinje hawahitaji darasa la kemia. Nguru akishushwa ufukweni asipate barafu, jua la utosi humkuta macho yameshaingia ndani na matamvua yamepauka. Amekufa, ila mwilini mwake mambo bado yanaendelea.

Damu nayo ni vivyo hivyo. Ikiachwa kwenye chupa bila kupozwa wala kutenganishwa, chembe zake huendelea kula sukari, na kila saa hupotea kama asilimia 5 hadi 7. Ni jambo dogo, lakini limekaa katikati ya utafiti mkubwa wa saratani ya tumbo: kupima ugonjwa umefika wapi kwa kuangalia kwenye damu chembe za saratani zinakula nini na kutupa nini, yaani viashiria vya umetaboli.

Wazo lenyewe si geni. Miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg alionyesha kuwa uvimbe wa saratani hufakamia sukari na kumwaga asidi ya laktiki hata penye oksijeni tele. Leo mashine hupima mamia ya kemikali, zikiwemo asidi amino na mafuta, katika damu kidogo tu.

Faida yake iko kwenye hatua. Mapema, tumbo huweza kukatwa na mgonjwa akapona. Ugonjwa ukishatapakaa kwenye ini au kwenye utando unaofunika matumbo, kisu kikubwa kwa kawaida hakiponyi tena. Tegemeo huwa dawa. Tabu ni kwamba punje ndogo za saratani kwenye utando huo huweza kukipita kipimo cha CT, hata daktari akalazimika kutoboa tundu tumboni na kuingiza kamera. Damu ingeweza kumdokeza mapema.

Nchini Tanzania, wengi huchelewa. Utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa 2012, ulihusu wagonjwa 232. Zaidi ya tisa katika kila kumi walifika wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Kiungulia na kushiba upesi hufanana na vidonda vya tumbo, na dawa za vidonda huvituliza kwa muda.

Kivinje ina hospitali ya wilaya, Kinyonga, lakini Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, mwendo wa kilomita kama 300. Chupa ya damu husafiri kwa urahisi kuliko mgonjwa, ila kwa vipimo hivi hutakiwa kuzungushwa upesi kwenye mashine, kisha kugandishwa, mara nyingi nyuzi 80 chini ya sifuri. Barafu ya samaki haifiki huko.

Tena sehemu kubwa ya tafiti hizi imefanyika Asia ya Mashariki. Wali wa nazi, muhogo, kisukari au njaa, vyote hubadili kemikali za damu, hivyo vipimo vya kule haviwezi kuhamishiwa huku vikavaliwa kama kanzu ya dukani.

Kwa sasa saratani hii huthibitishwa kwa kamera inayopitia kooni na kinyama kinachokatwa kupimwa. Anayepungua uzito bila sababu, kutapika mara kwa mara, kupata shida kumeza au kutoa choo cheusi kama lami aulizie kipimo hicho kabla ya kununua pakiti nyingine ya dawa za vidonda.