Neno ‘gege’ la Wachina na funzo lake kwetu wenye ‘kaka’

Wiki jana mwanafunzi wangu wa tafsiri aliniletea hadithi fupi aliyoitoa katika Kichina. Matini asilia ilikuwa na ‘gege’ na ‘didi’. Kwake yeye, wote wawili ni ‘ndugu’. Nikamuuliza, “Sasa mkubwa ni nani hapa?” Akacheka. “Prof, si wote ni ndugu tu?”

La hasha! Katika Kichina, ‘gege’ ni ndugu wa kiume aliyekutangulia kuzaliwa, na ‘didi’ ni yule uliyemtangulia wewe. Hata ‘xiongdi’, neno la jumla la ndugu wa kiume, limeundwa kwa ‘xiong’ (mkubwa) na ‘di’ (mdogo). Kwa hivyo, ‘didi’ anapomfokea ‘gege’ mbele ya wageni, mwandishi anasimulia utovu wa adabu. Tafsiri ya mwanafunzi wangu ilibakiza ubishi wa kawaida wa vijana. Hadithi ikapwaya.

Historia ya neno lenyewe ni ya kushangaza. Kamusi ya Xu Shen ya takriban mwaka 100 inaeleza kuwa alama ya ‘ge’ ni ‘sauti’, na kwamba zamani iliandikia ‘wimbo’. Ndugu hayumo! Wakati huo kaka aliitwa ‘xiong’. Maana ya kaka ilienea katika enzi ya Tang (618–907). Wanaisimu wengi huihusisha na lugha ya Waxianbei, wafugaji waliowahi kutawala China ya kaskazini, ambao kaka walimwita ‘agan’. Mwanzoni matumizi yalikuwa hayajatulia. Mfalme Li Shimin, aliyetawala kati ya 626 na 649, alimwandikia mwanawe barua na kujiita ‘gege’. Naam, baba mzazi!

Leo neno hilo limetanuka. ‘Dage’, yaani kaka mkubwa, anaweza kuwa dereva usiyemjua au hata kinara wa genge. Nasi je? Hatumwambii utingo wa matatu, “Kaka, nishushe hapo”?

Kuna wanaodai kuwa Kiswahili ni maskini kwa kuwa kimekopa hata majina ya watu wa nyumbani. Ni kweli kwamba ‘kaka’ huhusishwa na Kiajemi. Lakini ikiwa Kichina, chenye maandishi ya zaidi ya miaka 3,000, kiliweza kumpokea kaka kutoka kwa jirani, sisi tunaona haya ya nini? Watu wakiishi pamoja, wakioana na kulea watoto, maneno ya nyumbani nayo huhama.

Nilimrudishia kijana kazi yake. ‘Gege’ awe ‘kaka’, kwa maana yake ya asili ya ndugu mkubwa wa kiume, naye ‘didi’ aitwe ‘mdogo wangu’. Maneno tunayo. Kilichokosekana ni kuuliza nani alizaliwa kwanza.