Bogenvilia: Ua lisilotaka kubembelezwa kwa maji

KATIKA mtaa wa Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, nafasi ya bustani ni adimu, na maji ya mfereji hayaaminiki. Hata hivyo, upo mmea unaoridhika na hali hiyo: bogenvilia.

Asili yake ni Amerika Kusini. Mtaalamu wa mimea kutoka Ufaransa, Philibert Commerson, aliukuta Rio de Janeiro mwaka wa 1767, alipokuwa katika msafara wa Louis-Antoine de Bougainville, ambaye ndiye mmea ulipewa jina lake.

Kinachosifiwa kuwa ua, kwa hakika si ua. Ni majani matatu membamba kama karatasi, ya zambarau, nyekundu au nyeupe, yanayozunguka vijiua vidogo vitatu. Mbegu ikikomaa, jani hilo lililokauka hubaki nayo na kuwa bawa la kuipeperusha. Lakini bustanini mbegu hupatikana kwa nadra, ndiyo sababu wakulima hutumia vipandikizi.

Tawi lililokomaa, lenye urefu wa shubiri moja, hukatwa na kupandwa mwanzoni mwa masika katika udongo uliochanganywa na mchanga. Chungu kiwe na tundu chini, na kiwekwe darini au penye jua lisilopungua saa sita kwa siku, kwani vichochoro vina kivuli kingi. Wakati wa kuuhamisha mche, mizizi isitikiswe, hukatika upesi.

Si vyema kuupanda kwenye msingi wa nyumba. Nyumba nyingi za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unyevu wa kila siku huzidhuru.

Kosa kubwa ni kuumwagilia kila jioni. Maji na mbolea zikizidi, mmea hustawisha majani mabichi na kusahau maua. Mizizi nayo huoza. Mmea uliokwisha kushika unyweshwe udongo unapokauka tu. Maji yaliyooshea mchele yanafaa. Maua yakipukutika, matawi yapunguzwe ili machipukizi mapya yachanue, na miiba isiwachome wapita njia.

Kisiwa cha Mombasa hutegemea maji yanayotoka mbali bara, yakiwemo ya Mzima na Baricho. Kwa hiyo, anayeacha chungu chake kikauke hakitupi kiu mmea wake: huupa nafasi ya kuchanua, na ndoo ya maji hubaki kwa matumizi ya jikoni.