Injini Hujaribiwa, na Mikataba Je?
Mkulima wa pamba wa Bariadi hapandi mbegu mpya shamba zima. Huijaribu kwanza katika kipande kidogo. Waunda injini nao ni hivyo hivyo. Mwaka 2018, huko Marekani, injini kubwa ya GE9X, yenye feni ya upana wa mita 3.4, ilirushwa chini ya bawa la Boeing 747. Injini tatu zilizozoeleka zikawa ndizo amana.

Lakini majaribio hayafichui yote. Injini za Airbus A220 nazo zilijaribiwa hivyo, na bado mwaka 2022 hitilafu zake zikazilaza chini ndege za Air Tanzania.

Ndege hizo ni mali ya wananchi wote, wa Simiyu na wa visiwani. Viongozi hawana budi kuhakikisha kila mkataba unataja waziwazi injini za akiba na fidia.