"Bobby" na Mizani ya Kufu Huko Olenguruone

Nilipanda Olenguruone kwa kazi ya kukataza. Mpwa wangu, mwalimu huko, alikuwa ameipigia simu nyumba kuieleza kwamba amepata mchumba, na mchumba mwenyewe ni binti wa mchuma majani chai. Mamake, dada yangu, hakulala usiku ule. Mimi ndiye mjomba, na kwetu mjomba ndiye hutumwa.

Asiyepajua, Olenguruone ni mji mdogo magharibi ya Nakuru, ukishapita Molo na Keringet, katika milima ya Mau. Serikali ya kikoloni iliwapa Wakikuyu makao hapo mwaka 1941, kisha ikawafukuza walipoyakataa masharti yake; leo wengi ni Wakipsigis, nao Waogiek ni watu wa msitu tangu jadi. Baridi yake haina huruma kwa mtu wa kanzu.

Jioni ile nilikimbilia hoteli ya chai sokoni, na humo, kwenye televisheni juu ya kabati la mandazi, nikaikuta "Bobby"! Picha hii niliiona mara ya kwanza pale Naaz, Mombasa, nikiwa mtoto wa chuoni, na bakora nilizolipia kwa mwalimu wangu nazikumbuka hadi leo. Raj Kapoor aliitengeneza mwaka 1973, baada ya "Mera Naam Joker" ya 1970 kumtia hasara. Stelingi ni mwanawe, Rishi, aliyefariki mwaka 2020. Na Bobby ni Dimple Kapadia, ambaye hiyo ndiyo picha yake ya kwanza.

Kisa chajulikana. Raja, mtoto wa tajiri wa Bombay, aenda kumtazama yaya aliyemlea. Mlango wafunguliwa na mjukuu wa yaya, mikono imejaa unga, naye kwa kusahau ajipaka nywele. Hapo akina mama waliotoka shambani walicheka hadi chai ikamwagika. Kijana mmoja alikuwa akitufasiria, kwa Kiswahili na kwa Kikipsigis, nami nashuku hajui neno la Kihindi. Lakini hakukosea hata pahala pamoja.

Kicheko kilikatika babake Raja, Bwana Nath, alipomtolea fedha Jack Braganza, mvuvi wa Kigoa, babake Bobby, kana kwamba mtu yule amemtega mtoto wa watu kwa uzuri wa bintiye. Hoteli nzima ikanyamaza. Mimi nikaitazama chai yangu.

Maana nilikuwa nimejiandaa kusema habari za kufu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kufu hutazamwa katika dini, nasaba, uungwana, kazi na kusalimika na aila za mwili. Ama mali, kauli yenye nguvu ni kwamba haimo. Tena kufu ni haki ya mwanamke na walii wake. Wao ndio waulizao: mume huyu atufaa? Bwana Nath angekwenda kwa kadhi kushtaki kwamba mwanawe ampenda binti wa mvuvi, angerudishwa kwa adabu. Mwenye mizani ni mvuvi! Mtume (s.a.w.) alimwoza Zaynab bint Jahsh, binti wa shangazi yake, kwa Zayd bin Haritha aliyekuwa mtumwa. Ndoa ile haikudumu, na wapo waifanyao hoja; lakini ilifungwa.

Na kwamba binti ni Mkristo? Sheria yamjuzia mwanamume wetu. Dada alilijua hilo, ndiyo maana hakulitaja. Alilotaja ni kikapu.

Asubuhi tulikwenda, mimi na mpwa wangu. Mzee alikuwa amerudi kupimisha majani. Akakiweka kikapu chini, akatukaribisha kwa maziwa, kisha akanigeukia mimi.

"Mzee, huyu kijana anakunywa pombe?"

"La, hanywi."

"Ana deni? Kwenu kuna mtu amewahi kupiga bibi yake?"

Nikajibu moja baada ya moja, na kila nilipojibu nikajikuta namtetea mpwa wangu kwa nguvu zaidi, mimi niliyetumwa kumzuia. Mzee akasema atawauliza ndugu zake, tusubiri.

Jioni dada akanipigia simu. "Ushawakataza?"

Nikamwambia, "Dada, wao bado hawajatukubali."