Deni la Carthage

Mwaka 241 K.K. kamanda wa Carthage aitwaye Gisco alibaki Sisilia na kazi ngumu. Vita vya miaka 23 dhidi ya Roma vilikuwa vimekwisha, nchi yake imeshindwa baharini, naye ana mamluki wapatao 20,000 wa kurudisha Afrika, wote wanadai malimbikizo ya mishahara. Gisco akawapakia melini kidogo kidogo: kundi la kwanza lifike, lilipwe, liende zake kwao, ndipo la pili ling'oe nanga. Wakubwa wa Carthage wakaipuuza busara hiyo. Wakawaacha wakusanyike wote, wakitumaini kwamba wakiwa pamoja watakubali kupunguziwa. Mamluki walipoambiwa hazina ni tupu, wakaasi, na uasi huo ukadumu zaidi ya miaka mitatu, nusura uuangushe mji.

Naanzia kwa Gisco, si kwa jemadari Hannibal na tembo wake, kwa sababu naamini vita vitatu vya Roma na Carthage, vya kuanzia 264 hadi 146 K.K., vilipikwa zaidi kwenye mikataba kuliko uwanjani. Kila amani ilikuwa na mimba ya vita vilivyofuata.

Tazama ile ya kwanza. Lutatius, jemadari wa Roma, alikubaliana na Carthage ilipe talanta 2,200 za fedha kwa miaka 20. Talanta moja ni karibu kilo 26. Wananchi wa Roma walipoletewa mkataba huo wakaukataa. Wakaongeza talanta 1,000 na kufupisha muda uwe miaka 10. Fedha iliyotakiwa kuwatuliza mamluki ikawa inadaiwa Roma. Kisha, Carthage ikiwa bado inauguza majeraha ya uasi, Roma ikaitwaa Sardinia, na juu yake ikadai talanta 1,200 nyingine. Polybius, mwanahistoria Mgiriki aliyeistahi sana Roma, alishindwa kuutetea unyang'anyi huo. Aliuhesabu miongoni mwa sababu kubwa za vita vya pili. Hamilcar, baba yake Hannibal, akaenda Hispania kutafuta migodi ya fedha na askari wapya.

Ya Hannibal yanajulikana: alivuka Alps mwaka 218, akaliangamiza jeshi la Roma huko Cannae mwaka 216, akashindwa Zama mwaka 202.

Safari hii Carthage ilitozwa talanta 10,000 kwa miaka 50, ikaachiwa manowari 10 tu, na ikakatazwa kupigana na yeyote bila ruhusa ya Roma. Mwaka 191, biashara na kilimo vikiwa vimeiinua tena, ikajitolea kulipa deni lote lililobaki kwa mkupuo. Roma ikakataa! Kila nikilisoma tukio hili linanishtua. Mdai anayekataa kulipwa hataki fedha. Anataka mdaiwa abaki amefungwa kambani. Na kweli, Masinissa, mfalme wa Numidia, alikuwa akiimega ardhi ya Carthage kipande kwa kipande, na mashauri yalipofika Roma mara nyingi yeye ndiye aliyependelewa.

Deni likaisha mwaka 151. Carthage ikamkabili Masinissa bila ruhusa, na Roma ikapata kisingizio. Mwaka 149 ilidai kwanza watoto 300 wa wakubwa wawe dhamana, wakatolewa. Ikadai silaha, zikatolewa za askari 200,000, pamoja na manati makubwa 2,000. Mikono ilipobaki mitupu ndipo ikaja amri ya mwisho: mji ubomolewe, wenyewe wakajenge kilomita 15 kutoka baharini. Hao ni watu ambao bahari ndiyo ilikuwa shamba lao. Wakafunga malango, wakafua silaha usiku na mchana, na wanawake wakakata nywele zao zisokotwe kamba za manati.

Walihimili miaka mitatu. Mwaka 146 jemadari wa Roma, Scipio Aemilianus, aliingia, na watu 50,000 waliojisalimisha wakauzwa utumwani. Hadithi kwamba Waroma walimwaga chumvi kwenye magofu haimo kwa mwandishi yeyote wa kale. Kinyume chake, baada ya miaka mia moja hivi Roma yenyewe iliujenga upya mji pale pale, na ngano ya Afrika ikawa inapakiwa bandarini Carthage kwenda kuwalisha Waroma.