Chombo cha kazi kwa fundi anayewafuata wateja: tununue kipi, na kwa mkataba gani?



Tumepokea suala la mzee mmoja wa Unguja. Mtoto wake alisomea ufundi wa magari katika kituo cha mafunzo ya amali hapa kwetu, kisha akahamia Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Huko ameona kazi ipo kwa fundi asiyengoja kuletewa: bodaboda hukwama njiani, mashine za kusaga na za kumenya kahawa huharibika vijijini, na upande wa Liparamba, karibu na mpaka wa Msumbiji, mtu husukuma pikipiki masafa marefu kabla ya kumpata fundi. Kijana anataka chombo cha kubebea vifaa vyake. Ameletewa kirikuu kwa mkataba: atoe shilingi 25,000 kila siku ya kazi kwa miezi 18, baada ya hapo gari iwe yake. Matengenezo yote ni juu yake. Akikosa kulipa siku saba, gari inachukuliwa na alichokwishatoa hakirudi. Mzee anauliza kama mkataba huu unafaa, au auze kipande cha shamba amnunulie.

Tuanze na chombo chenyewe, maana tunawaona wengi wanaulizia hukumu ya mkataba kabla ya kujua kama hicho kitu wanakihitaji.

Kijana akapime vifaa vyake kwenye mizani. Spana, jeki, pampu, betri ya kuamshia na madumu ya oili haviwi mzigo wa gari. Hivyo hukaa katika sanduku la chuma nyuma ya pikipiki. Akiongeza jenereta, mashine ya kuchomelea na ya upepo, hapo pikipiki haitoshi. Kirikuu ina injini ndogo ya cc 660 na imetengenezwa kubeba kilo 350, kwa hiyo uzito huo inaumudu. Tatizo ni njia. Lami inatoka Songea mpaka Mbinga na kuteremka hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, na juu ya lami hiyo kirikuu ni chombo kizuri, chenye kula mafuta kidogo. Ukiiacha lami kuelekea Liparamba, tairi zake ndogo na tumbo lake la chini vinakuwa mtihani. Tena kule hakuna vuli na masika mbalimbali kama kwetu. Mvua ni msimu mmoja mrefu, kiasi cha mwezi wa Disemba hadi Aprili. Gari isiyopita miezi hiyo bado itadaiwa 25,000 kila siku.

Rai yetu ni kuwa aanze na pikipiki, na iwe ya aina ile ile wanayoendesha wateja wake wengi. Faida yake si bei peke yake. Vipuri anavyoviweka kwa ajili ya wateja vitamfaa na yeye, na kila tatizo la pikipiki yake litamfundisha la wengine. Kazi za kuchomelea azikusanye siku moja kwa wiki na akodi gari. Akishaona siku za kukodi zimezidi, hapo kirikuu imejiombea yenyewe. Pick-up kubwa ya magurudumu manne inapita kila pahala, lakini kwa fundi anayeanza mafuta yake yatakula ujira.

Mzee ameuliza pia kama anaweza kumpelekea gari yake ya hapa. Gari yenye namba za Zanzibar haihamii Bara kimya kimya: kuna taratibu za TRA za kuisajili upya, na mara nyingi kodi ya kuongeza. Na anayefikiria kuagiza kutoka Japani ajue kuwa gari iliyopita umri uliowekwa kwa aina yake hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Aulizie jumla yote kabla ya kuilinganisha na bei ya gari iliyokwishasajiliwa huko huko.

Sasa mkataba. Hapa tunamuombea msomaji asubiri kidogo, kwani neno "mkataba" mitaani limekuwa jina la kitu kisichojulikana ni nini. Je, ni kukodisha au ni kuuza? Kama ni kukodisha, basi gari ni mali ya mwenyewe, na matengenezo makubwa na hasara ya kuungua bila ya uzembe wa mkodishwaji ni juu ya mwenye gari. Kama ni kuuza, basi gari imeshakuwa ya kijana tangu siku ya kukabidhiwa, na muuzaji anadai deni tu. Mkataba alioletewa umechukua faida ya pande zote mbili na kumpa mmoja: hasara ni ya kijana kama mnunuzi, na gari inanyang'anywa kama iliyokodishwa.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jeddah lilizungumzia jambo hili. Katika azimio lake nambari 51 la mwaka 1990 liliruhusu bei ya kulipa kidogo kidogo iwe kubwa kuliko ya taslimu, ila likakataza kumuongezea mdaiwa kwa kuchelewa. Likasema pia kuwa muuzaji hana haki ya kubaki na umiliki baada ya kuuza, bali anaweza kushurutisha kitu kiwekwe rahani mpaka alipwe. Katika azimio 110 la mwaka 2000 likakataza ukodishaji unaogeuka kuwa umiliki wenyewe kwa wenyewe, kwa kodi ile ile, bila ya mkataba mpya.

Kwa hiyo kijana asiusaini mkataba ule ulivyo. Unaweza kurekebishwa: uwe mauzo, bei ijulikane, gari iwe rahani. Akishindwa, iuzwe, mwenye deni achukue kilichobaki, na ziada arudishiwe kijana. Mwenye gari akikataa hilo, kijana amuache.

Njia nyengine ni murabaha. PBZ Ikhlas, Amana Bank na Al Barakah ya CRDB wana huduma hiyo. Benki hununua gari, kisha humuuzia mteja kwa faida iliyotajwa. Jina zuri lisitutoshe. Kutokana na Hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.) wanazuoni wamekataza mtu kuuza asichokuwa nacho, basi iulizwe benki suala moja: kabla sijasaini kununua, gari hii ikiungua leo, hasara ni ya nani? Wakisema "yako", hakuna biashara hapo, kuna mkopo wenye nyongeza. Na pesa zilipwe kwa muuzaji, zisipitie mfukoni mwa kijana. Aombe pia ratiba inayofuata mapato ya huko: malipo makubwa baada ya kahawa kuuzwa, madogo wakati wa mvua. Ratiba ikiandikwa hivyo tangu mwanzo haina ubaya wowote.

Lakini kwa mzee huyu sisi tunapendelea ubia. Baba atoe sehemu, kijana atoe aliyonayo, chombo kiwe cha wawili. Kijana alipe kodi ya sehemu ya baba, na kila akipata anunue fungu katika sehemu hiyo kwa makubaliano ya wakati huo. Kikiibiwa bila ya uzembe, kila mmoja amepoteza fungu lake. Shamba lisiuzwe kwa ajili ya pikipiki.

Na iandikwe, kama inavyoamrisha aya ya 282 ya Suratul Baqara, mbele ya mashahidi: hii ni zawadi, ni mkopo, au ni ubia? Tumesuluhisha mirathi nyingi ambazo ugomvi wake ulikuwa chombo alichonunuliwa mtoto mmoja na hakuna aliyejua kwa njia gani. Ikiwa ni zawadi, mzee akumbuke Hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.) juu ya uadilifu baina ya watoto, na awaangalie wengine nao. Ikiwa ni mkopo, akifariki baba linabaki deni linaloingia katika mirathi.

Ama zaka, chombo na vifaa vya kazi havitolewi. Vipuri na oili anavyouza ni mali ya biashara. Mwaka ukipita na thamani yake, pamoja na fedha zake, ikafika nisabu, atatoa asilimia 2.5 kwa bei ya siku hiyo, sio bei aliyonunulia.

Wallahu aalam.